Maili Kumi za Ahadi

Oktoba 1963, wiki chache kabla ya bendera ya Kenya kupandishwa, mawaziri wakuu wawili walibadilishana barua fupi. Mmoja alikuwa Jomo Kenyatta wa Kenya, mwingine Mohamed Shamte wa Zanzibar. Barua hizo zilibeba orodha ya mambo matano ambayo serikali mpya ya Nairobi ilikubali kutoyagusa katika ukanda wa pwani uliokuwa bado, kwa sheria, mali ya Sultani. Siku chache baadaye, tarehe 8 Oktoba, mkataba ulitiwa sahihi London, na Sultani Jamshid bin Abdullah, aliyekuwa kitini tangu Julai mwaka uleule, akaachia haki yake juu ya ardhi ambayo babu zake waliidai kwa zaidi ya karne.

Mambo yenyewe yalikuwa haya. Uhuru wa dini ungelindwa, pamoja na misikiti na taasisi za Waislamu. Mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wengine yangedumu daima katika ndoa, talaka na mirathi. Maofisa wa utawala katika sehemu zenye Waislamu wengi wangekuwa Waislamu, kadiri itakavyowezekana. Watoto wa Kiislamu wangefundishwa Kiarabu, nayo kadiri itakavyowezekana, na ruzuku za shule zao zingeendelea. Na mwisho, hati za umiliki kamili wa ardhi zilizokwisha kusajiliwa zingetambuliwa daima. Serikali ikihitaji ardhi hiyo kwa manufaa ya umma, italipa fidia kamili na kwa haraka.

Msomaji makini ataona mara moja kwamba ahadi hizo tano hazina uzito sawa. Mbili zina mlango wa kutokea. Tatu zimefungwa kwa neno "daima" au mfano wake. Na mjumbe wa upande mmoja hakukaa madarakani muda wa kutosha kuulizia: Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakaiondoa serikali ya Shamte pamoja na Sultani. Meli iliyombeba Jamshid ilifika Mombasa, mji ambao miezi mitatu kabla ulikuwa chini ya bendera yake nyekundu, na serikali ya Kenya haikumruhusu kushuka.

Kwa hiyo ahadi ilibaki na aliyeahidi tu.

*

Haikuwa mara ya kwanza kwa watu wa Mwambao kuambiwa kwamba chao kitabaki chao. Maili kumi zenyewe zilizaliwa mezani, mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zilipokaa kupima ni kiasi gani cha bara walichoweza kukubali kuwa cha Sultani. Jibu lao lilikuwa ukanda wa maili kumi kutoka ufukweni, kuanzia mpaka wa Wareno kusini hadi Kipini kwenye mto Tana, pamoja na visiwa kama Lamu. Nusu ya kusini, ile ya Tanga, Bagamoyo na Kilwa, Wajerumani waliinunua moja kwa moja mwaka 1890 kwa maki milioni nne, sawa na paundi 200,000 za wakati ule. Nusu ya kaskazini ilikodishwa.

Hesabu ya ukodishaji huo inastahili kusomwa polepole. Kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani ilishindwa kibiashara, ikataka kulipwa ili iondoke. Sehemu kubwa ya malipo, paundi 200,000, ilitoka katika hazina ya Sultani, yaani fedha zilezile alizopewa na Wajerumani. Kisha kwa mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895, uliotiwa sahihi na Sultani Hamed bin Thuwaini na Sir Arthur Hardinge, Uingereza ikachukua utawala wa pwani kwa kodi ya paundi 11,000 kwa mwaka, pamoja na paundi 6,000 za riba ya asilimia tatu juu ya zile 200,000. Jumla 17,000. Sultani aligharimia kuondoka kwa mpangaji wa kwanza, akampokea wa pili, akabaki na jina la mwenye nyumba.

Ili watu wa pwani wasishtuke, walihakikishiwa. Julai 1895, katika mkutano wa hadhara Mombasa, Sir Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa Sultani, aliwaambia waliohudhuria kwamba mambo ya dini ya Kiislamu yataendeshwa kwa heshima ya dini na mila za kale zitaachwa ziendelee. Ilikuwa ahadi pana kuliko zote zilizofuata. Haikutaja ndoa wala mirathi peke yake. Ilisema mila.

Lakini wakati ule ule mila moja ilikuwa imevunjwa Takaungu. Salim bin Khamis, mkuu wa tawi la Wamazrui wa huko, alifariki mapema 1895. Kampuni ikamkubali mwanawe kurithi nafasi hiyo, ikampita mdai mwingine wa ukoo huo, mkubwa kwa umri, ambaye wengi walimwona ndiye mwenye haki. Vita vilivyozuka vilienea kutoka Takaungu hadi Gasi na kudumu hadi Aprili 1896, Mbarak bin Rashid, Mmazrui wa Gasi, alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Waingereza waliviita uasi. Kwa upande wa pili palikuwa na hoja rahisi: aliyeahidi kuheshimu utaratibu wa kurithi ndiye aliyeuvunja.

*

Kulinda haki zilizokuwepo ni neno linalopendeza hadi mtu aulize ni haki zipi. Mwaka 1895 mojawapo ilikuwa haki ya kumiliki watu.

Mashamba ya Malindi na Takaungu yaliyouza mtama na ufuta hadi Arabuni yalilimwa na watumwa. Hardinge aliwaandikia wakubwa wake London akitetea kwamba sheria ya Kiislamu, ambayo Uingereza imeahidi kuiheshimu, inautambua umiliki huo, na kuuondoa ghafla ni kuvunja ahadi. Unguja na Pemba utumwa uliondolewa kisheria Aprili 1897, lakini mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuomba uhuru, na bwana akalipwa fidia. Masuria waliwekwa kando hadi 1909. Pwani ya Kenya ilingoja mpaka 1907. Huko nako fidia ilikwenda kwa mwenye mali. Aliyekuwa mali hakupewa hata kipande cha shamba alilolilima, akabaki palepale kwa hisani ya bwana wa zamani.

Mfano huu haupendwi na wanaotetea mkataba wa 1895 kama waraka wa heshima, na ndiyo sababu unafaa kukumbukwa. Sheria mpya ikitangaza kwamba kila mtu atabaki na alichokuwa nacho, inamlinda aliyekuwa nacho. Asiyekuwa nacho analindiwa ukosefu wake.

*

Mwaka mmoja tu baada ya utumwa kuondolewa pwani ya Kenya likaja jambo lililoiumba pwani ya Kenya kuliko vita vyovyote. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilitungwa kwa sababu ya kibiashara. Wanunuzi wa Kihindi na Kizungu walikuwa wakinunua viwanja Mombasa na mashamba kaskazini, na serikali yenyewe ilitaka kuwagawia walowezi ardhi ya mpira na katani. Hakuna aliyejua kwa hakika mpaka wa huyu unaishia wapi. Sheria ikasema: mwenye dai alilete, kwa maandishi, mbele ya msajili, na aoneshe ushahidi. Akikubaliwa atapewa cheti. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai kwa muda uliowekwa itakuwa ya Taji la Uingereza.

Kwa familia za Kiarabu na za Kiswahili za mjini, jambo hili lilifahamika. Walikuwa na nyaraka za kadhi, hati za kuuziana, wasia na kumbukumbu za wakfu zenye majina ya mashahidi. Walijua ofisi iko wapi na karani anaitwaje. Hata hivyo si wote walioshinda. Wapo waliouza haraka kwa bei ya kutupa mara tu cheti kilipotoka, na biashara ya viwanja ikapanda kasi.

Kwa Wamijikenda hali ilikuwa nyingine kabisa. Ardhi kwao ilikuwa ya ukoo na ya kaya, mti wa mkorosho au mnazi unaweza kuwa wa mtu, lakini nchi iliyo chini yake haikuwa na mtu mmoja wa kuibebea karatasi. Sheria ilitaka mdai mwenye jina na kipande chenye mipaka. Zaidi ya hayo, serikali ilikwisha amua kwamba mahali pao ni nyuma ya maili kumi, katika hifadhi ya Wanyika, kama walivyoitwa. Mgiriama aliyekuwa akilima kaskazini ya mto Sabaki hakuhesabiwa kuwa mdai. Alihesabiwa kuwa mtu aliyevuka. Mwaka 1914, serikali ilipotaka kuwahamisha na kuwachukua vijana wao kwa kazi, upinzani uliochochewa na Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, uligeuka kuwa mapigano, na Agosti mwaka huo Kaya Fungo, kaya yao kuu, ikalipuliwa.

Usajili wenyewe ulikwenda mwendo wa konokono, ukasimama katika miaka ya 1920 kabla ya kukamilika kila sehemu. Lakini mahali ulipopita, ulibadilisha watu. Walioishi juu ya shamba lenye cheti cha mwingine waliamka wakiwa wapangaji bila mkataba. Neno lililowashika baadaye ni maskwota, na limekaa Kilifi na Kwale mpaka leo.

Kuna desturi moja ya Mombasa ambayo inaeleza hali hiyo vizuri kuliko ripoti yoyote. Katika Majengo na mitaa mingine ya zamani, mtu anaweza kumiliki nyumba bila kumiliki ardhi ambayo nyumba hiyo imesimama juu yake. Nyumba ni yake, anaiuza, anairithisha, anaipangisha vyumba. Kiwanja ni cha mwingine, naye hulipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Fikra hii ni ya kale pwani, ambako hata mnazi ulikuwa na mwenyewe na shamba likawa na mwenyewe mwingine. Sheria ya Kiingereza, ambayo kwa kawaida huhesabu kila kilichojengwa kuwa sehemu ya ardhi, ililazimika kuiachia nafasi. Ikabaki kama haki halali. Tatizo ni kwamba mwenye nyumba analindwa muda ule tu mwenye kiwanja anapotaka alindwe. Akiuza kwa mjenzi wa ghorofa, nyumba ya matofali na makuti haina pa kwenda.

*

Makadhi walipata hatima tofauti, na sababu ni kwamba walikuwa na kiti. Kanuni za mahakama za 1897 ziliwaingiza kadhi, liwali na mudir katika mfumo wa serikali ya Uingereza kama watumishi wanaolipwa. Heshima ilikuwa kubwa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu kuanzia 1937 hadi kifo chake 1947, alikuwa mwanachuoni aliyesomwa mbali nje ya Mombasa. Gazeti lake la Al-Islah la mwanzoni mwa miaka ya 1930 liliwakemea Waislamu wenzake kwa uzembe wa elimu kwa lugha ambayo hata leo ingemletea mtu maadui. Lakini ukitazama mambo yaliyoletwa mbele ya kadhi, unaona yanapungua kila muongo. Jinai zilikwenda kwa hakimu wa Kizungu na sheria ya adhabu iliyotoka India. Ardhi ilikwenda kwa msajili. Iliyobaki ilikuwa ndoa, talaka na mirathi.

Ndiyo maana orodha ya 1963 inamwachia kadhi mambo hayo matatu tu. Mathews alikuwa ameahidi mila za kale. Kenyatta aliahidi kile kilichosalia baada ya miaka sitini na minane ya kuzilinda.

Kabla ya kufika hapo palikuwa na ugomvi mkali. Mwaka 1920 bara likageuzwa koloni la Kenya, na pwani ikabaki Himaya ya Kenya, bendera ya Sultani ikipepea juu ya Ngome ya Yesu. Uhuru ulipokaribia, baadhi ya viongozi wa Kiarabu na Kiswahili walidai Mwambao ujitawale au urudi Zanzibar. Wamijikenda wengi, akiwamo mwanasiasa Ronald Ngala, hawakutaka kusikia. Walijua nani angekuwa mwenye ardhi katika nchi hiyo. Sir James Robertson, gavana mkuu wa zamani wa Nigeria, alitumwa 1961 kusikiliza pande zote, na ripoti yake ikapendekeza pwani iunganishwe na Kenya pamoja na dhamana maalumu. Zile ahadi tano zilitoka huko.

*

Zilidumu vipi? Kwa namna zisizolingana, kama ilivyotarajiwa.

Zile mbili zenye mlango zilitoka mlangoni. Vyeo vya liwali na mudir vilifutwa baada ya uhuru, na mpango wa majimbo uliokuwa umeipa pwani bunge lake ukavunjwa Kenya ilipokuwa jamhuri Desemba 1964. Maofisa walitumwa kutoka Nairobi, wa dini yoyote. Kiarabu cha shuleni kilibaki juu ya juhudi za wazazi na madrasa.

Mahakama ya Kadhi iliokoka, hata ikakua. Sheria ya 1967 iliitoa katika maili kumi na kuieneza sehemu nyingine za Kenya, jambo ambalo hakuna aliyeliomba London. Kuna kinaya kizuri hapa: mmoja wa makadhi wakuu walioshika kiti hicho miaka iliyofuata alikuwa Sheikh Abdalla Saleh Farsy, Mzanzibari aliyeondoka kwao baada ya mapinduzi na kutoa tafsiri yake maarufu ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1969. Serikali iliyodai ahadi ile ilikuwa imetoweka, na mwanachuoni kutoka nchi hiyohiyo ndiye aliyekuwa akiitekeleza Mombasa.

Vita vya kweli juu ya kadhi vilikuja wakati wa kuandika Katiba mpya. Viongozi wengi wa makanisa walipinga dini moja kutajwa. Mei 2010 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 66 cha Katiba ya zamani, kilichobeba mahakama hizo, hakiendani na misingi mingine ya Katiba hiyohiyo. Waislamu walijibu kwa kuchomoa karatasi za 1895 na 1963. Tarehe 4 Agosti 2010 kura ya maoni ikapita kwa takribani asilimia 67, na ibara ya 170 ikawahifadhi makadhi. Ila iliongezwa sharti ambalo halikuwemo katika barua ya Kenyatta: wenye kesi, mbali na kuwa Waislamu wote, lazima pia wakubali wenyewe kuhukumiwa hapo. Ni badiliko dogo kwa maandishi. Kwa mwanamke anayetaka mirathi yake iamuliwe kwingine, si dogo hata kidogo.

Ukivuka mpaka Horohoro kuingia Tanzania, unakuta pwani ileile isiyo na lolote kati ya haya. Nusu iliyonunuliwa 1890 haikuacha mkataba wa kukumbushia. Tanganyika huru ilibadilisha mfumo wa mahakama mwanzoni mwa miaka ya 1960 bila kumwachia kadhi kiti cha serikali, na kwa sheria ya 1963 umiliki kamili wa ardhi uliorithiwa kutoka kwa Wajerumani na Waingereza ukageuzwa kuwa upangaji kutoka kwa serikali. Nyerere hakuwa na barua ya mtu yeyote kabatini iliyomzuia. Mjadala wa Mahakama ya Kadhi uliotikisa siasa za Tanzania Bara hadi 2015 ulianza, kwa sehemu, na tofauti hiyo kati ya kuuzwa na kukodishwa.

*

Ahadi ya tano, ya hati za ardhi, ndiyo iliyobishaniwa kwa ukali zaidi. Mwaka 1989 Bunge la Kenya lilifuta sheria ya amana ya ardhi ya Wamazrui wa Takaungu, iliyokuwepo tangu enzi ya ukoloni, ili ardhi hiyo igawiwe wakazi. Familia ikaenda mahakamani ikishika hati. Wakazi wakabaki wakishika makaburi ya wazee wao. Baraza la Republican la Mombasa, lililopigwa marufuku 2010 na kurudishiwa uhalali na mahakama 2012, lilifanya kaulimbiu ya "Pwani si Kenya" kuwa tafsiri ya mikataba ileile, ingawa wengi wa vijana wake walitoka katika jamii ambazo mikataba hiyo haikuwahi kuzitaja kama mdai.

Katiba ya 2010 iligusa hati kutoka upande usiotarajiwa. Ibara ya 65 inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya isipokuwa kwa kukodishwa, na si zaidi ya miaka 99. Wengi walidhani inawalenga walowezi wa bara na mikataba yao ya miaka 999. Lakini pwani kuna familia zenye ndugu Muscat na Dubai walioondoka zamani wakachukua uraia wa huko. Kwa maandishi ya Katiba, umiliki kamili wa mtu kama huyo uligeuka kuwa upangaji wa miaka 99 kuanzia Agosti 2010, pasipo kujali kwamba hati yake ilitolewa chini ya sheria ya 1908 na kuahidiwa kutambuliwa daima. Ndugu wa huko aliyezaliwa Mkenya alibakiwa na njia ya kudai uraia wake tena, maana Katiba hiyohiyo iliruhusu uraia wa nchi mbili.

Sheria ya 1908 yenyewe ilifutwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Kama ilivyo desturi ya sheria zinazofuta nyingine, iliweka vifungu vya kuhifadhi: haki zilizopatikana chini ya sheria ya zamani zitaendelea kama kwamba haikufutwa. Vyeti vya Malindi na Mombasa vya karne moja nyuma vikavuka salama.

Kwa wale ambao 1908 haikuwaona, Katiba iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Utaratibu wake uliwekwa kwa marekebisho ya sheria ya Septemba 2016. Jamii ya Kilifi au Kwale inayosema ilinyang'anywa ardhi na usajili wa kikoloni iliruhusiwa kuleta malalamiko, kwa maandishi na kwa ushahidi, ndani ya miaka mitano. Muda huo uliisha Septemba 2021, na baadaye wabunge walipendekeza uongezwe.